Mvua za Julai kwenye Jangwa la Juu: Mwongozo kwa Mkazi na Msafiri

Kuanzia mwisho wa Juni hadi katikati ya Septemba, mvua za ngurumo huingia kwenye nyanda kame za kusini-magharibi mwa Marekani: kaskazini mwa Arizona, sehemu kubwa ya New Mexico, na kusini mwa Utah na Colorado. Nyanda hizo huitwa jangwa la juu kwa sababu ya mwinuko wake. Albuquerque iko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, Flagstaff mita 2,100, na Santa Fe inakaribia 2,200, yaani inaipita Nairobi kwa mita 400 hivi. Mchana jua huchoma, usiku baridi huuma, na wiki hupita mbingu zikiwa tupu. Albuquerque hupata takriban milimita 220 za mvua kwa mwaka mzima. Sehemu kubwa ya mvua hiyo huanguka katika miezi hii michache, tena mara nyingi kwa mikupuo ya nusu saa au saa moja.

Anayetaka kuishi salama na mvua hizi hana budi kushika jambo moja kwanza. Katika nchi ya milima mitupu na makorongo makavu, maji hayaui pale yanaponyesha. Wingu hupasuka juu ya mlima, na mtu aliye bondeni, kichwani kwake jua tupu, ndiye anayechukuliwa na mafuriko. Karibu kila ushauri unaofuata umejengwa juu ya jambo hilo.

Upepo unavyogeuka

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki anajua kaskazi na kusi, na jinsi pepo hizo zinavyopokezana mwaka. Huku Marekani mgeuko ni mdogo kuliko ule wa Bahari ya Hindi, lakini chanzo chake kinafanana: nchi kavu hupata joto upesi kuliko bahari. Kwa sehemu kubwa ya mwaka, upepo wa jangwa la juu hutoka magharibi nao ni mkavu. Juni jua hupasha ardhi ya Meksiko na Arizona hadi hewa iliyo karibu na ardhi inakuwa nyepesi na kupanda. Wakati huohuo, eneo kubwa la kanieneo ya juu ambalo hukaa angani juu ya Meksiko husogea kaskazini, na mara nyingi hutua karibu na mahali mipaka ya Arizona, New Mexico, Utah na Colorado inapokutana. Hewa hulizunguka eneo hilo kwa kufuata mwendo wa akrabu za saa, kwa hiyo majimbo haya huanza kupata upepo wa kusini na kusini-mashariki.

Upepo huo huja na unyevu wa aina mbili. Ule wa chini hutoka Ghuba ya California, ghuba nyembamba yenye maji ya moto inayotenganisha rasi ya Baja California na bara la Meksiko. Ule wa juu hutoka Ghuba ya Meksiko na huvuka safu ya milima ya Sierra Madre Occidental. Utafiti umeonyesha kwamba mvua za Arizona huwa haba mpaka maji ya kaskazini mwa Ghuba ya California yafikie nyuzi 26 za sentigredi hivi. Ndiyo maana Sonora na Chihuahua, upande wa Meksiko, hulowa mapema, na msimu hupanda kaskazini hatua kwa hatua. Katika mji wa Tucson mapokeo ya watu wenye asili ya Meksiko huhesabu Juni 24, sikukuu ya Mtakatifu Yohane Mbatizaji, kuwa siku ya kuingoja mvua. Flagstaff na Santa Fe kwa kawaida hungoja hadi wiki ya kwanza au ya pili ya Julai.

Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa ya Marekani iliamua mwaka 2008 kwamba msimu uhesabiwe kuanzia Juni 15 hadi Septemba 30, mvua iwe imenyesha au la. Kabla ya hapo, Phoenix na Tucson zilingoja siku tatu mfululizo ambazo kiwango cha umande, yaani joto ambalo mvuke wa hewani huanza kugeuka maji, kimefika nyuzi 12 au 13 za sentigredi. Kipimo hicho cha zamani kilikuwa cha kisayansi zaidi, lakini kiliwafanya watu wabishane kama msimu umeanza badala ya kujiandaa. Tarehe za kudumu zinasaidia zaidi. Hata hivyo, kiwango cha umande kinafaa kuangaliwa kila asubuhi katika utabiri: kikipanda kwa siku mbili au tatu mfululizo, mawingu hayako mbali.

Tarehe hazitoi ahadi yoyote kuhusu kiasi cha mvua. Lile eneo la kanieneo ya juu likitua moja kwa moja juu ya mji, huzuia hewa kupanda, na wiki nzima ya Julai huwa joto na vumbi. Likisogea kidogo mashariki, mlango wa unyevu hufunguka. Kwa hiyo mvua huja kwa vipindi, na miaka hutofautiana vibaya. Tucson, ambayo iko chini zaidi ya nyanda hizi lakini hupata mvua za mfumo huohuo, ilipata milimita 41 katika msimu wa mwaka 2020 na milimita 325 katika msimu uliofuata. Anayepanga kwa kutumia wastani atakosea miaka yote miwili.

Kazi za kufanya kungali kukavu

Juni ndio mwezi wa kazi. Nyumba nyingi za Santa Fe na Albuquerque zimejengwa kwa udongo au kwa mtindo wa nyumba za udongo, zenye paa bapa lililozungushiwa ukuta mfupi. Maji ya paa hutoka kupitia milizamu iliyotokeza ukutani. Mwaka mzima paa hilo hukusanya majani ya msonobari, vumbi na viota vya ndege, na mlizamu mmoja ulioziba unatosha kuligeuza kuwa bwawa. Ni vyema kupanda juu, kuzoa taka, kumwaga ndoo ya maji na kuangalia yanatokea wapi. Chini ya kila mlizamu panafaa kuwe na mawe au bamba la zege la kuyapeleka maji mbali na msingi, kwa kuwa ukuta wa udongo huanza kuharibika chini kabla ya juu.

Jambo la pili ni bima. Bima ya kawaida ya nyumba nchini Marekani hailipi hasara ya mafuriko. Ile ya mpango wa taifa wa bima ya mafuriko kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kununuliwa. Anayeikumbuka baada ya kuona wingu la kwanza la Julai hana kinga hadi Agosti. Mpangaji naye anaweza kukata bima hiyo kwa ajili ya vitu vyake vya ndani, jambo ambalo wapangaji wengi hawalijui.

Mifuko ya mchanga hujazwa nusu au theluthi mbili tu, mdomo ukakunjwa chini, kisha ikapangwa kama matofali, kila mmoja ukikalia maungio ya miwili iliyo chini yake. Uliojaa pomoni haulali vizuri na huacha matundu.

Halafu kuna kiyoyozi cha maji, lile sanduku kubwa la juu ya paa linalopitisha hewa kwenye pedi zilizoloweshwa. Mwezi Juni, hewa ikiwa kavu kabisa, kifaa hiki hupoza nyumba kwa gharama ndogo ya umeme. Mvua zikiingia, hewa tayari imebeba mvuke, maji ya kwenye pedi hayakauki upesi, na nyumba huwa na joto lenye unyevunyevu. Mafundi hupigiwa simu wiki hizo kuhusu vifaa visivyo na ubovu wowote. Siku za namna hiyo afadhali kuzima pampu ya maji, kutumia feni peke yake, na kufungua madirisha usiku, kwani jangwa la juu hupoa vizuri baada ya jua kuzama.

Siku ya dhoruba, saa kwa saa

Asubuhi ya siku ya dhoruba huwa safi, na hapo ndipo wageni wengi hudanganyika. Kufikia saa nne au saa tano, mawingu madogo meupe huonekana juu ya vilele, kila moja likiwa limesimama juu ya mlima wake. Miteremko inayotazama jua hupata joto kwanza, hewa hupanda nayo, na mvuke hugeuka matone. Mawingu yakibaki mapana na mafupi hadi saa sita, huenda siku ikapita salama. Yakianza kuota kwenda juu, vichwa vyake vikawa vigumu na vyeupe mno kama koliflawa, dhoruba itakuwapo kabla ya alasiri. Kilele cha wingu kikitandaa na kuwa bapa, tayari linanyesha.

Kwa mbali, chini ya wingu, mara nyingi huonekana mapazia ya kijivu yanayoning'inia na kuishia hewani. Hiyo ni mvua inayokauka kabla ya kugusa ardhi. Haimaanishi usalama. Maji yanapokauka huipoza hewa, hewa baridi ni nzito, nayo huporomoka na kutawanyika pande zote kwa kishindo. Upepo huo unaweza kuangusha miti na kung'oa mabati kilomita kadhaa kutoka kwenye wingu. Kwenye moto wa msituni, madhara yake ni makubwa zaidi. Juni 30, 2013, karibu na Yarnell, Arizona, upepo uliotoka kwenye dhoruba uligeuza mwelekeo wa moto na wazima moto 19 wakafa. Dhoruba za kwanza za msimu, zenye radi nyingi na maji kidogo, ndizo pia huwasha mioto mipya. Mvua yenyewe huja kuizima wiki mbili tatu baadaye.

Aliye karibu na dhoruba huijua kwa hatua zake. Joto hukaa zito na upepo hukatika. Kisha upepo baridi huja ghafla kutoka upande wa wingu, ukiwa na vumbi na harufu ya udongo uliolowa, na joto linaweza kushuka nyuzi 10 kwa dakika chache. Matone ya kwanza ni makubwa na yameachana, kila moja likichimba kishimo kwenye vumbi. Mara nyingi hufuatwa na mvua ya mawe, ambayo kwa mwinuko huu hufika chini kabla ya kuyeyuka na huweza kufunika ardhi ikawa nyeupe mwezi Julai. Halafu maji humwagika. Baada ya dakika 30 au 40 jua hutoka, upinde wa mvua husimama mashariki, na watu huanza kutembea tena. Kwa makorongo, saa ya hatari ndiyo kwanza inaanza.

Wanavajo, ambao nchi yao ni sehemu kubwa ya jangwa hili, hutofautisha mvua ya kiume, yenye ngurumo na nguvu, na mvua ya kike, inayodondoka taratibu na kuingia ardhini. Mvua za Julai na Agosti nyingi ni za kiume, na maji yake mengi hukimbia juu ya ardhi bila kuilowesha.

Radi

Anayesikia ngurumo tayari yuko mahali ambapo radi inaweza kumfikia. Radi hupiga hata kilomita 15 kutoka mvua inaponyesha, kwa hiyo mbingu ya buluu juu ya kichwa si kinga. Kuhesabu sekunde kati ya mmweko na ngurumo, na kugawa kwa tatu, humpa mtu umbali wa kilomita, lakini hesabu hiyo inafaa kujua kama dhoruba inasogea, si kuamua kuendelea na matembezi.

Mahali salama ni pawili: ndani ya jengo lenye nyaya na mabomba, au ndani ya gari lenye paa la chuma, madirisha yakiwa yamefungwa. Hema, kibanda cha kupikia nyama bustanini na mwamba uliotokeza si kinga. Ndani ya nyumba, kuoga, kuosha vyombo na kushika kifaa kilichochomekwa kwenye umeme kungoje. Kutoka nje kungoje dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho, na hesabu huanza upya kila inaposikika nyingine.

Kwa wapanda milima kanuni ni ya saa. Humphreys Peak, kilele cha juu kabisa cha Arizona, kina urefu wa mita 3,851, na sehemu yake ya juu haina mti wala pa kujificha. Anayeanza safari alfajiri anaweza kufika na kuwa ameshuka kwenye msitu kabla ya saa sita mchana. Anayeanza saa tatu atakuwa kileleni wakati mbaya kuliko wote. Kundi lililonaswa wazi linapaswa kuachana mita kadhaa, liondoke kwenye mgongo wa mlima na mbali na mti uliosimama peke yake, na liendelee kushuka. Kulala chini hakusaidii, maana umeme hupita pia ardhini.

Makorongo na barabara

Korongo kavu la jangwa la juu huonekana kama njia nzuri ya kutembea: mchanga laini, kivuli cha kingo, nyayo za kulungu. Watu wa kaskazini mwa Kenya, wanaozijua laga, hawahitaji kuelezwa kwamba njia hiyo ilichimbwa na maji. Udongo wa huku ni mgumu, una mimea michache, na miamba mingi iko wazi. Milimita 25 zikinyesha kwa nusu saa, sehemu ndogo tu huingia chini. Inayobaki hukusanyika kutoka kila kijito hadi korongo kuu, na inaweza kusafiri kilomita nyingi kufika mahali ambapo hapajaanguka hata tone.

Agosti 12, 1997, watalii 11 walikufa ndani ya Antelope Canyon, korongo jembamba lenye kuta za mwamba katika nchi ya Wanavajo karibu na mji wa Page, Arizona. Mvua iliyowaua ilinyesha mbali juu ya korongo. Ndani ya ufa kama ule, ambao mahali pengine mtu hugusa kuta zote mbili kwa mikono, maji hayana pa kutandaa isipokuwa kupanda juu. Siku hizi hakuna anayeruhusiwa kuingia bila kiongozi aliyeidhinishwa, ngazi za chuma zimefungwa mwambani, na ziara husitishwa hali ya hewa ikitishia. Makorongo mengine ya aina hiyo kusini mwa Utah hayana kiongozi mlangoni. Huko uamuzi ni wa msafiri mwenyewe, naye hapaswi kuingia siku ambayo utabiri unataja ngurumo popote ndani ya eneo linalotiririsha maji kwenye korongo hilo. Utabiri wa mji ulio karibu hautoshi.

Mafuriko ya ghafla yana dalili, ingawa huacha muda mfupi. Kijito kilichokuwa angavu hubadilika kuwa na rangi ya chai ya maziwa. Vijiti na povu huanza kupita. Upepo baridi huvuma kutoka juu ya korongo, na sauti ya mngurumo usiokatika husikika, tofauti na radi ambayo hunyamaza. Ukingo wa mbele wa mafuriko mara nyingi si maji matupu bali ni lundo la magogo, matope na mawe linalosukumwa, nyuma yake maji yakifika kifuani. Anayeona dalili moja apande ukingo papo hapo, kwa njia fupi kuliko zote, na aache mizigo. Kukimbia kufuata bonde kuelekea chini ni kushindana na maji kwenye njia yao.

Waathiriwa wengi wa mafuriko Marekani wamo ndani ya magari. Maji yanayokimbia yenye kina cha sentimita 15 humwangusha mtu mzima, sentimita 30 hubeba gari dogo, na sentimita 60 huchukua magari mengi, yakiwemo yale makubwa ambayo wenyewe huyaamini kupita kiasi. Isitoshe, maji ya udongo huficha kama lami bado ipo chini yake. Arizona ina sheria, iliyopitishwa mwaka 1995 na ambayo wenyeji huiita kwa kejeli sheria ya dereva mjinga, inayomwezesha mwokoaji kumdai gharama dereva aliyezunguka kizuizi akaingia majini. Dhihaka ya jina hilo haipunguzi busara yake. Maji ya korongo hupungua kwa saa moja au chache, na hakuna safari isiyoweza kungoja muda huo.

Barabara za udongo ni tatizo la namna yake. Maeneo mengi ya Wanavajo na majirani zao Wahopi hayana lami, na udongo wa mfinyanzi wa huko ukilowa hugeuka utelezi unaoganda kwenye matairi hadi gurudumu haliwezi kuzunguka. Barabara ya kwenda magofu ya Chaco Canyon, New Mexico, ina kipande cha udongo ambacho baada ya mvua huweza kukwamisha hata gari la kukokota magurudumu yote manne. Msafiri abebe maji na chakula cha siku moja zaidi, na akikwama juu ya kilima angoje jua likaushe njia. Mara nyingi asubuhi inayofuata hupitika.

Ndani ya miji makorongo yamesakafiwa kwa zege. Albuquerque, ambayo iko kwenye mteremko kati ya milima ya Sandia na mto Rio Grande, iliundiwa mamlaka maalumu ya kudhibiti mafuriko ya makorongo mwaka 1963. Mitaro yake ni laini na ina kingo za mshazari, hivyo watoto huiona kama uwanja wa baiskeli na mbao za magurudumu. Maji yakiteremka kutoka mlimani huja kwa kasi ambayo hakuna mtu mzima anayeweza kusimama ndani yake, na ukingo uliolowa hauna pa kushika. Mzazi mgeni mjini awaonyeshe watoto mitaro hiyo kwa kidole na kuikataza, Januari kama Julai.

Ukuta wa vumbi

Hewa baridi inayoporomoka kutoka kwenye dhoruba hukutana na mashamba yaliyolimwa na maziwa yaliyokauka, na kuinua vumbi. Phoenix ilifunikwa Julai 5, 2011, na ukuta wa vumbi uliofika urefu wa zaidi ya mita 1,500. Juu kwenye nyanda kuta huwa ndogo, lakini sehemu kama ziwa kavu la Lordsburg, New Mexico, ambalo barabara kuu namba 10 inalikatisha, zimekuwa na ajali nyingi za magari kugongana kwenye vumbi.

Dereva anayeona ukuta huo mbele yake atoke barabarani kabisa, si kusimama pembeni mwa lami. Kisha azime taa zote, aweke breki ya mkono, aondoe mguu kwenye pedali ya breki, na abaki amefunga mkanda. Kuzima taa huwashangaza wengi. Sababu ni kwamba dereva wa nyuma, asiyeona barabara, hufuata taa nyekundu anazodhani zinasonga na kuligonga gari lililosimama. Kwenye vumbi hilo mna pia kuvu anayesababisha homa ya bonde, ugonjwa wa mapafu uliozoeleka zaidi kusini mwa Arizona. Madirisha yafungwe na hewa ya gari izungushwe ndani.

Chini ya mlima ulioungua

Moto mkali ukipita msituni, mvuke wa nta ya majani hushuka kwenye udongo na kuganda humo. Tabaka hilo hufukuza maji. Mvua ambayo mwaka uliotangulia ingenyonywa na majani makavu sasa hukimbia yote, ikiwa na majivu, magogo na mawe. Karibu na Flagstaff, moto wa Schultz ulianza Juni 20, 2010. Mwezi mmoja kamili baadaye, Julai 20, mvua ilinyesha juu ya mteremko ulioungua na mafuriko yakamuua msichana wa miaka 12. Ruidoso, New Mexico, iliungua Juni 2024, na Julai 8, 2025 mafuriko yakaua watu watatu, wawili kati yao wakiwa watoto.

Kwa hiyo anayekodi au kununua nyumba chini ya mlima aulize kama mlima huo umeungua katika miaka mitano iliyopita. Jibu likiwa ndiyo, mipaka ya zamani ya mafuriko kwenye ramani haifai kuaminika, na familia inapaswa kuwa na njia ya kupanda juu kwa miguu, kwa sababu barabara huenda ikawa ya kwanza kukatika.

Taarifa na lugha yake

Tahadhari za mafuriko hutolewa kwa ngazi mbili. Ya kwanza husema kwamba hali inaruhusu mafuriko kutokea, nayo huja saa kadhaa au siku moja kabla. Ya pili husema kwamba mafuriko yanatokea au yanakaribia mno, nayo humtaka mtu aondoke bondeni sasa hivi. Wageni wengi huzichanganya, wakangoja kwenye ile ambayo haipaswi kungojwa. Tahadhari za dharura huingia zenyewe kwenye simu kulingana na mahali simu ilipo, kwa kawaida kwa Kiingereza na Kihispania. Arizona na New Mexico zina familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, hasa kutoka Kongo na Burundi, na katika nyumba nyingi za namna hiyo mtoto wa shule ndiye mkalimani. Inafaa watu wote wa nyumba, babu na bibi wakiwemo, wazijue sauti ya tahadhari hiyo na hatua inayofuata, hata kama hakuna wa kuwasomea maneno.

Mahali mtandao usipofika, redio ya hali ya hewa ya serikali hutangaza saa 24 kwenye masafa ya kati ya megahezi 162.400 na 162.550. Rada nayo ina mapengo: milima huzuia miale yake, na katika eneo la mipaka ya majimbo manne vituo viko mbali kiasi kwamba miale hupita juu ya sehemu ya chini ya dhoruba. Skrini isiyo na rangi haimaanishi hakuna mvua.

Maji yanayobaki

Mvua hizi pia ni riziki. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji, kwa hiyo paa la mita 100 za mraba hutoa takriban lita 2,500 kwa mvua ya milimita 25. Pipa moja la lita 200 hujaa kabla mwenyewe hajavaa viatu, ndiyo maana wenye bustani huweka tangi kubwa au huchimba vibonde vifupi vinavyosimamisha maji karibu na mizizi. Tucson ilipitisha mwaka 2008 kanuni inayoyataka majengo mapya ya biashara yapate angalau nusu ya maji ya bustani zao kutokana na mvua. Wakulima wa Kihopi walianza zamani zaidi: mahindi yao hupandwa kwa kina kirefu, wakati mwingine sentimita 30, kwenye midomo ya makorongo ambako mafuriko hutandaa na kuacha unyevu.

Maji yaliyotuama juma moja huzaa mbu, na mbu wa huku hueneza virusi vya Nile Magharibi. Sahani za vyungu, matairi na mifuniko ya mapipa vimwagwe kila baada ya mvua, na tangi lifunikwe kwa wavu.

Kufikia katikati ya Septemba upepo wa magharibi hurudi na mawingu hupungua. Hata hivyo, wakati huo dhoruba za kitropiki za Bahari ya Pasifiki huweza kusukuma unyevu mwingi kaskazini. Mafuriko makubwa yaliyosababishwa na mabaki ya dhoruba Octave yalianza kusini mwa Arizona Septemba 28, 1983, na kuendelea hadi Oktoba 3, siku tatu baada ya msimu ambao sasa kalenda huufunga Septemba 30. Mifuko ya mchanga isiondolewe mlangoni kabla ya katikati ya Oktoba.